Kesi ya Mahindi Isiyofika Geneva

(Hotuba kwa wanafunzi wa sheria, siku ya fainali ya mahakama ya mfano ya biashara ya kimataifa, Dodoma)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule ya Sheria, wahadhiri, mawakili wasomi mlioacha mafaili mezani ili kukaa na vijana hawa tangu asubuhi, wanafunzi washiriki na ninyi mliokuja kuwashangilia: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Nimepewa nafasi hii wakati majaji wanajumlisha alama. Najua anayesubiri alama hasikilizi hotuba, kwa hiyo ombi langu nalitaja mapema kabisa. Naomba swali la mashindano ya mwakani litoke Kibaigwa, kwenye soko la mahindi.

Kwa wazazi na wageni ambao leo ndiyo mara yenu ya kwanza, nieleze kidogo mlichokiona. Mashindano haya huanza na kisa cha kutunga. Nchi moja imezuia bidhaa za nchi nyingine, au imepandisha ushuru, au imewapa viwanda vyake ruzuku, na nchi iliyoumia imelalamika mbele ya jopo la Shirika la Biashara Duniani, yaani WTO. Timu hupewa kisa hicho miezi kadhaa kabla. Huandika hoja za mlalamikaji, kisha timu ileile huandika hoja za mlalamikiwa. Baada ya hapo husimama mbele ya majaji na kuzitetea, na upande watakaoutetea raundi hii huenda si ule watakaoutetea raundi ijayo. Mashindano makubwa kuliko yote katika fani hii yamepewa jina la John H. Jackson, profesa wa Marekani aliyefariki mwaka 2015, mmoja wa watu ambao fikra zao zilichangia sana kuundwa kwa shirika hilo. Yalianzishwa na jumuiya ya wanafunzi wa sheria wa Ulaya mwaka 2002. Raundi za kanda hufanyika mabara mbalimbali, Afrika ikiwemo, na fainali huwa Geneva, yaliko makao makuu ya WTO.

Nusu fainali ya asubuhi nilikuwa meza ya majaji. Binti mmoja wa upande wa mlalamikiwa alikatizwa katikati ya sentensi. Jaji alitaka kujua kama serikali yake ilifanya tathmini ya hatari kabla ya kufunga mpaka, au baada. Mtunza muda alikuwa ameshainua kadi ya dakika moja. Binti akaifunga kabrasha yake, akaweka mikono miwili juu yake, akasema: "Mheshimiwa Jaji, ilikuwa baada. Hilo halituangushi, kwa sababu mbili." Akazitoa zote mbili, akashukuru, akakaa. Sababu ya pili sikukubaliana nayo, na katika alama zangu nilionyesha hivyo. Lakini wakili anayekubali ukweli unaomuumiza kisha akaendelea kusimama, huyo ndiye ningependa anitetee siku nikipata kesi.

Sasa nirudi kwenye swali la Kibaigwa, na kesi ya kweli ya mahindi ambayo lingetokana nayo.

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu iliyotajwa ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka: vipimo vilikuwa vimeonyesha viwango vinavyozidi mipaka ya usalama. Malori yakakwama mpakani Namanga. Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Siku tano tu, na serikali zikalimaliza. Geneva halikufika.

Simlaumu mtu kwa hilo. Taratibu za WTO zenyewe, Ibara ya 3.7, zinasema suluhu ambayo pande zote mbili zimeikubali ndiyo inayopendelewa. Ila kwa mwanafunzi wa sheria, mgogoro uliokwisha bila hukumu ni shamba ambalo jembe halijaligusa. Njooni tulilime kidogo.

Tuseme wewe ni wakili wa Tanzania. Utaanza na Ibara ya XI ya Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, ile inayokataza kuzuia bidhaa mpakani. Ni rahisi, zuio ni zuio. Lakini unajua Kenya itakimbilia afya ya walaji, kwa hiyo uwanja wa kesi ni Mkataba wa Afya na Usafi wa Mimea, ule tunaouita SPS. Unafungua Ibara ya 2.2: hatua isiwekwe bila ushahidi wa kisayansi wa kutosha. Unafungua 5.1: iegemee tathmini ya hatari. Unaomba kuonyeshwa tathmini hiyo. Halafu unatoa silaha yako kubwa, Ibara ya 5.6, inayosema hatua isibane biashara kuliko inavyohitajika pale ambapo ipo njia nyingine inayowezekana kiufundi na kiuchumi. Njia nyingine ipi? Cheti cha vipimo kwa kila mzigo. Na ushahidi kwamba njia hiyo inawezekana unatoka mikononi mwa Kenya yenyewe, kwa sababu siku tano baadaye ndiyo iliyoichagua. Kisha unauliza kuhusu mahindi ya Kenya yaliyovunwa mashariki ya nchi hiyo: je, nayo yalifungiwa njia kwa kipimo hichohicho? Hapo uko kwenye Ibara ya 2.3, ubaguzi usio na sababu.

Mpaka hapa ukumbi mzima uko upande wako, kwa kuwa wengi wetu hapa ni watoto wa wakulima. Mashindano haya yanakulazimisha uinuke uende meza ya pili.

Wewe sasa ni wakili wa Kenya. Mwaka 2004, mashariki ya nchi yako, Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Serikali iliyozika watu wengi hivyo ina haki ya kujichagulia kiwango cha ulinzi, na mkataba unaitambua haki hiyo. Hao jirani zako Watanzania nao wanajua. Mwaka 2016 ugonjwa huohuo uliingia mikoa ya Dodoma na Manyara; watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Wakili wa Kenya anayejua kazi yake atalitaja hilo kwa upole, kwa heshima ya marehemu, na atauliza: mheshimiwa wakili wa Tanzania anataka ushahidi gani zaidi ya huo?

Niliposema hivyo katika darasa moja, mwanafunzi alinijibu kwamba tunampa mpinzani risasi. Hapana. Risasi anazo tayari, ziko kwenye majarida ya kitabibu, mtu yeyote anazisoma. Bora wakili wetu azikute kwenye mazoezi hapa Dodoma kuliko azisikie kwa mara ya kwanza mbele ya jopo.

Twende mbele. Wakili wa Kenya anaweza kushawishika kukimbilia Ibara ya 5.7, hatua za muda pale sayansi haijatosha. Nawaonya, ni mtego. Ibara hiyo ina masharti yake, na la kwanza ni kwamba ushahidi wa kisayansi uwe haujitoshelezi. Sumukuvu imechunguzwa kwa miongo mingi, viwango vimewekwa, hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mahindi. Huwezi kusema hatari inajulikana vizuri mno kiasi cha kufunga mpaka, na papo hapo ukasema sayansi yake haijatosha. Jaji makini atakushika hapo na hatakuachia.

Na wakili wa Tanzania naye ana mtego wake. Atatamani kusema: sawa, Dodoma palikuwa na tatizo, lakini mahindi ya Rukwa na Njombe yana kosa gani? Atafungua Ibara ya 6, inayotaka nchi izingatie hali ya eneo ambako bidhaa imetoka. India ilishindwa kwa ibara hiyo katika kesi ya Marekani kuhusu homa ya mafua ya ndege, uamuzi wa rufaa ukatoka mwaka 2015. Lakini soma vizuri. Ibara ya 6.2 inazungumzia maeneo yasiyo na wadudu waharibifu au magonjwa. Sumukuvu ni sumu. Si mdudu, wala si ugonjwa wa mmea kwa maana hiyo. Kiambatanisho A cha mkataba kinataja sumu kwenye chakula mahali pake pengine kabisa. Je, maneno mapana ya Ibara ya 6.1 yanatosha kuibeba hoja yako? Mimi naona yanaweza, kwa kazi kubwa. Wenzangu wawili tuliojadiliana nao wanaona hayawezi. Swali ambalo mawakili wazoefu hawakubaliani juu yake ndilo swali zuri la mashindano.

Sasa kwa nini nataka mwende Kibaigwa kwa miguu yenu, wakati mkataba unasomeka bwenini?

Kwa sababu ya bambo. Waliokulia vijijini wanaijua: kile chuma chembamba, kitupu ndani, chenye ncha. Mnunuzi anakichoma ubavuni mwa gunia, mahindi yanateremka kwenye kiganja chake, anayatazama, anang'ata punje moja kusikia kama imekauka, anataja bei. Pale Kibaigwa, soko la nafaka lililopo barabara kuu ya Morogoro, wilayani Kongwa, mtaona bambo zikifanya kazi tangu asubuhi. Mkitazama vizuri mtaona jambo ambalo hamtalipata kwenye hukumu yoyote kwa uzito huo. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zilizoanikwa chini kwenye udongo zikapata unyevu zinaweza kuwa na sumu kali, na zilizo sentimita 20 pembeni zikawa safi. Bambo ikipita hapa, gunia ni salama. Ikipita pale, gunia ni sumu. Lori lina mamia ya magunia.

Basi cheti kinathibitisha nini hasa? Sampuli zilichukuliwa ngapi, na nani, kutoka magunia mangapi, na zilichanganywa vipi kabla ya kupelekwa maabara? Hapo ndipo kesi nzima inapogeukia. Ile silaha ya Tanzania, kwamba cheti kingetosha bila kufunga mpaka, inasimama au inaanguka kwa jibu la swali la sampuli. Mwanafunzi aliyeishika bambo hawezi kulisahau swali hilo. Aliyesoma ibara peke yake hatalifikiria kuliuliza.

Najua kuna swali linawasumbua, maana nimeulizwa mara mbili leo wakati wa chai. Mnasema: kwa nini tujifunze kesi za WTO wakati rufaa yake imekufa? Ni kweli kwamba tangu Desemba 2019 Chombo cha Rufaa hakina wajumbe wa kutosha kusikiliza shauri. Kinatakiwa kuwa na wajumbe saba, na watatu husikiliza kila rufaa. Marekani ilizuia uteuzi wa wapya, wakabaki wachache, na wa mwisho muda wake uliisha Novemba 2020. Nchi ikishindwa mbele ya jopo inaweza kukata rufaa kwenye chombo kisicho na mtu, na shauri likaning'inia. Ni hasara kubwa kwa nchi ndogo, na linanisikitisha kweli.

Lakini majopo yanaendelea kufanya kazi. Afrika Kusini imeupeleka Umoja wa Ulaya huko kuhusu masharti ya afya ya mimea kwenye machungwa yake, mara ya kwanza mwaka 2022, tena mwaka 2024. Halafu kuna la nyumbani. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika uliridhiwa na Bunge letu, hapahapa Dodoma, Septemba 2021. Fungueni itifaki yake ya utatuzi wa migogoro. Mtakuta mashauriano, majopo, Chombo cha Rufaa cha watu saba. Mfano wake ni ule wa Geneva. Mtakayojifunza kwenye mashindano haya mtayatumia Afrika, na atakayekuwa mbele yenu ni jirani, na bidhaa itakuwa mahindi, saruji, maziwa au ndizi.

Niwape mfano wa gharama ya kutokuwa na mawakili wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Australia, Brazil na Thailand ziliishitaki Jumuiya ya Ulaya kuhusu ruzuku ya sukari. Ulaya ilikuwa ikinunua sukari ya nchi zetu kwa bei nzuri ya uhakika, kisha ikiuza nje kiasi kama hicho, tani milioni 1.6, kwa ruzuku, na ikidai kwamba kiasi hicho kiko nje ya ukomo wake wa ruzuku. Tanzania ilishiriki kama mhusika wa tatu, pamoja na Kenya, Malawi, Mauritius na wengine. Mhusika wa tatu anasikilizwa na anawasilisha maandishi, lakini rufaa hawezi kukata. Aprili 2005 Ulaya ikashindwa. Mwaka uliofuata ilianza kurekebisha soko lake na bei ya uhakika ikapunguzwa kwa asilimia 36, hatua kwa hatua. Mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa yako mkoa wa jirani. Shauri lililogusa bei ya sukari yetu liliongozwa na watu wengine, kwa hoja za watu wengine.

Mfano wa pili unatia moyo. Mwaka 2004 Bangladesh, nchi maskini kama sisi kwa orodha ya Umoja wa Mataifa, iliilalamikia India kuhusu ushuru wa ziada kwenye betri. Ilikuwa nchi ya kwanza ya kundi hilo kufungua malalamiko WTO. Ilisaidiwa na Kituo cha Ushauri wa Sheria za WTO, kilichopo Geneva tangu 2001, ambacho Tanzania nayo ina haki ya kukitumia kwa sababu iko kwenye kundi hilohilo. India ikauondoa ushuru ule, na jopo halikuhitajika. Lakini kituo hakiwezi kuja kuligundua tatizo lako mpakani. Lazima awepo mtu wizarani, au kwenye chama cha wafanyabiashara, au kwenye ofisi ya uwakili pale Area D, anayeitazama barua ya zuio na kusema: hii inavunja ibara fulani, tupige simu. Mtu huyo anapatikana wapi? Wengine niliowaona leo wamesimama hapa.

Kwa hiyo nina maombi machache, nayasema mbele ya Mgeni Rasmi kwa makusudi.

Walimu wetu, raundi za mwanzo za chuo ziendesheni kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Fainali za nje zitabaki Kiingereza, na vijana lazima wakimudu sawasawa, hilo halina mjadala. Lakini mwanafunzi asiyeweza kumweleza mkulima wa Kongwa kwa nini tathmini ya hatari inatakiwa kabla ya kufunga mpaka bado hajaielewa, hata akiisoma kwa Kiingereza kizuri namna gani.

Wizara zetu ziko Mtumba, Makao Makuu ya Mahakama yako mji huuhuu, Bunge liko mji huuhuu. Hakuna vijana wa sheria nchini walio karibu na watunga sera kuliko hawa. Tunaomba maofisa wa biashara na wataalamu wa viwango waje wakae meza ya majaji, hata kwa nusu siku. Ofisa aliyewahi kuandika tangazo la zuio anauliza maswali ambayo sisi wahadhiri na mawakili hatuyajui.

Ofisi za uwakili na benki: nauli ya Geneva na viza haziwezi kutokana na mchango wa darasa. Kuna timu zenye uwezo ambazo zimeishia kwenye maandishi kwa kukosa tiketi. Sisemi zaidi, mnanielewa.

Na ninyi vijana. Hii ni fani ambayo chuo chenye maktaba ndogo hakina kisingizio. Ripoti zote za majopo na za rufaa tangu 1995 ziko kwenye tovuti ya WTO, bure, nyaraka zilezile anazosoma mwanafunzi wa Geneva. Anzeni na kesi ya homoni za nyama ya ng'ombe ya mwaka 1998. Ni ndefu, inachosha, isomeni kwa zamu, mmoja asome na mwingine apinge. Msisome muhtasari wa mtu. Majaji wanajua aliyesoma muhtasari. Ukiulizwa aya, unaanza kupekua.

Rasimu ya kwanza ya swali la mwakani nimemwachia mratibu. Nchi mbili nimeziacha bila majina, mtazipa ninyi. Ndani yake kuna barua ya zuio, cheti cha maabara, na maelezo ya namna sampuli zilivyochukuliwa, na katika maelezo hayo kuna kasoro tatu ambazo kila upande unaweza kuzitumia. Safari ya Kibaigwa tutaipanga baada ya mavuno, mwezi wa sita au wa saba, soko likiwa limefurika. Anayetaka kwenda aandike jina lake kwa mratibu kabla ya kutoka, aje na daftari, na awe tayari kuamka mapema, kwa sababu wanunuzi wakubwa humaliza kazi kabla jua halijawa kali.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.